Chanzo: Mama, Langoni

Maneno elfu nane, walisema, na marejeo mbali.
Alama thelathini za maandishi, sabini za kazi ya mikono.
Nikawaza: hizi thelathini ni kodi tu,
nitazilipa mbio mbio niende zangu.

Nimerudi Langoni na kompyuta ya kuazima,
betri yake haimalizi hata aya.
Mbele yangu sura ya pili.
Mbele ya mama kofia ya Bwana Kupi,
anayeitaka kabla ya Maulidi.
Mama hana sura ya pili. Ana sindano,
uzi mweupe wa hariri
na kijiti cha kutobolea.

Msimamizi wangu, Dakta Nyakio,
aliandika pembeni kwa wino mwekundu: Nani kasema?
Niliposema kiua ni mfano wa nyota: Nani kasema?
Niliposema wa kale walipima kwa vidole: Nani kasema?
Niliposema "tangu enzi na enzi"
akapiga mstari. Tangu lini?

Nilimkasirikia siku mbili.
Ya tatu nikageuka, nikamuuliza mama:
Mbona matundu haya huachwa wazi?

Miaka ishirini na mitatu nimelala kando ya matundu yale,
nimeyafua, nimeyaanika,
karo yangu yote imepitia humo,
na sikuwahi kuuliza.

Mama kimya, uzi uko mdomoni.
Kisha: "Siyuwi, mwanangu. Mkono wayuwa."
Kisha, baada ya swala na chai:
"Kichwa chataka kupumua. Na mato ya watu
yataka pa kupita, yasigote."
Akaendelea bila kuulizwa:
habari za nyanya aliyechora kwa mkaa sakafuni,
habari za ua liitwalo jicho la kamba,
halishonwi tena, maana aliyelijua
aliolewa Tanga na hakuacha mfano.

Nikaandika, nikaandika.
Na pale alipokuwa akieleza
sindano ikapotea njia.
Kiua kimoja kikatoka kipana, kimelegea,
kama pengo la mtoto wa miaka saba.
Tukakitazama sote wawili.
Hapo nikaiogopa kazi yangu:
huenda kuuliza nako ni kutoboa.

Hakukifumua.
"Bwana Kupi haoni karibu," akasema, akacheka.
Nami nikakipiga picha.
Picha ya kumi na nne.

Likabaki suala la kumtaja.
Mwongozo wa chuo unataka jina la ukoo, mwaka, ukurasa.
Mama hana ukurasa.
Niliandika: Somoe binti Lali, mahojiano,
Langoni, baina ya alasiri na magharibi.
Kompyuta ikalipigia jina lake mstari mwekundu,
kana kwamba wamemkosea herufi tangu kuzaliwa.

Usiku akaniambia: Nisomee.
Nimeandika kwa Kiingereza, namfasiria njiani, najikwaa.
"Nadharia" inageuka "watu wanavyodhani".
"Mbinu za utafiti" inageuka "nilivyokusumbua".
Penye wanafalsafa anapiga miayo.
Penye uzi anaitikia, ee, ee,
mara moja ananirudisha nyuma nisome tena
pale penye nyanya na mkaa wake.

Nikafika mahali nilipojivunia,
hesabu kamili, yenye jedwali:
kofia hii ina viua mia nne na kumi na sita.

Mama akainua kidole.
"Nani kasema?"

Nikafunga kompyuta.
Umeme ulikuwa umekatika, tukaisogeza kofia
kwenye mwanga wa simu,
kidole chake mbele, changu nyuma.
Tulipofika mia na tisini taa zikarudi mtaa mzima,
watoto wakapiga kelele,
tukasahau tulipofika,
tukaanza tena.